Mto Peke Yake Hauinui Umma



Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, katika darasa letu la hapa Homa Bay, kijana mmoja wa skuli alitufungulia kitabu chake cha tarikhi akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo kama lilivyostahiki. Alisema: "Maalim, kitabu hiki chasema ya kuwa ustaarabu wa kale ulianza kando ya mito: Nile, na Furat na Dijla, na Sindi. Nasi tuna mto Kuja, tuna mto Migori, tuna Sondu, na tuna ziwa ambalo Nile yenyewe hutoka humo. Mbona kwetu hakukujengwa Misri? Je, wazee wetu walikosa akili?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka, nasi tukaona ya kwamba swali lile lilikuwa likimuuma.

Swali hili si la kijana mmoja. Twajua ya kwamba wengi katika watu wetu wa Migori na Homa Bay wamelibeba nyoyoni tangu skulini, wala hawakupata wa kuwaondolea. Mtu akidhani ya kuwa wazee wake hawakuwa na cho chote, hudhani vile vile ya kuwa yeye hawezi cho chote. Na umma wenye dhana hiyo hungoja kila jambo litoke kwa wengine. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kulitengea somo hili. Kwanza tutatazama mto humpa nini mwanadamu. Kisha tutatazama watu wa Misri, Iraki na Yemeni walifanya nini na maji yao. Kisha turudi kwetu, kwenye Kuja na ufuko wa ziwa, tuone wazee wetu waliacha nini. Na mwisho tutasema yatupasayo sisi leo.

I. Mto humpa nini mwanadamu

Maji ya kunywa hupatikana hata kisimani. Fadhila ya mto mkubwa ni zaidi ya hiyo. Mto huteremsha udongo kutoka milimani, na unapofurika huutandaza udongo huo juu ya mashamba ya bondeni, hata ardhi ikapata rutuba mpya bila ya mkulima kuhama. Tena mto ni njia: mzigo usiobebeka kwa punda ishirini, chombo kimoja huuchukua. Mto hutoa samaki, hutoa matete ya kuezekea, na hutoa udongo wa matofali na vyungu.

Lakini neema hizi zimo katika mito mingi ulimwenguni, na mito iliyozaa miji mikuu ni michache. Basi yafaa tuulize: mito ile ya vitabuni ilikuwa na nini zaidi? Jawabu ni hili, na tunawaomba wanafunzi walishike, maana somo zima limesimama juu yake: mito ile ilipita katikati ya nchi kavu. Huko Misri mtu aliweza kusimama mguu mmoja katika shamba la kijani na mguu wa pili katika mchanga wa jangwa. Kusini mwa Iraki mvua haikutosha kuotesha shayiri. Watu walipozidi hawakuwa na pa kutawanyikia. Iliwabidi wakae pamoja pale pale penye maji. Na walipokaa pamoja iliwabidi wapatane: nani achimbe mfereji, nani apate maji leo na nani kesho, nafaka iliyozidi iwekwe wapi, na nani aihesabu. Katika kupatana huko ndimo zilimotoka hesabu na maandishi, kalenda na kodi, sheria na dola.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, aliufungulia mlango jambo hili katika Muqaddima yake alipoeleza maana ya umran, yaani kukaa kwa watu pamoja na kuiimarisha nchi. Alisema ya kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kujipatia hata chakula cha siku moja, kwani mkate wataka mlimaji, na msagaji, na mwokaji, na nyuma yao mhunzi wa kuwatengenezea vyombo. Basi asili ya mji ni kusaidiana. Mto huwaita watu tu. Kuitika na kusaidiana ni kazi yao wenyewe.

II. Watu wa Nile

Misri iliunganishwa kuwa ufalme mmoja kiasi cha miaka 3100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kila mwaka Nile ilipanda, ikafurika katika miezi ya Agosti na Septemba, kisha ikashuka ikaacha matope meusi, na watu wakapanda mbegu zao humo. Wakaugawa mwaka katika misimu mitatu: wa mafuriko, wa kupanda na wa kuvuna. Na kwa kuwa maji yalifuta mipaka ya mashamba, ilihitajiwa kupimwa upya. Na katika upimaji huo ilimu ya hesabu ikakua.

Mto wenyewe nao ulipimwa. Wasomaji wetu watapenda kujua ya kwamba kazi hiyo haikwisha na Mafirauni. Katika kisiwa cha Rawda, huko Cairo, kipimo cha Nile kilichojengwa mwaka 861 (247 Hijria), zama za Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas, kingali kimesimama hata leo. Ni kisima kikubwa chenye nguzo ya mawe katikati, iliyochorwa alama za dhiraa. Maji yalipofika dhiraa 16 watu walifurahi, mfereji wa mji ulifunguliwa, na kodi ya ardhi ikaruhusiwa kutozwa. Yasipofika, watawala walijua mapema ya kwamba dhiki yaja, na ya kwamba mkulima hana cha kutozwa.

Walakini kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Sote twakijua kisa cha Nabii Yusuf, namna nafaka ya miaka saba ya neema ilivyowekwa kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Sasa mkilinganishe na yaliyotokea Misri hiyo hiyo kati ya mwaka 1065 na 1072, zama za al-Mustansir wa Bani Fatima. Nile ilipungua, na wakati huo huo askari wa dola walikuwa wakipigana wao kwa wao na kuzipora hazina. Hakuna wa kuangalia mifereji wala wa kugawa nafaka kwa haki. Nchi ikaingia katika njaa kubwa ambayo waandishi wa tarikhi wameiita shida ya al-Mustansir. Maji yalipungua katika visa vyote viwili. Palipokuwa na mpango na uaminifu watu waliokoka, na palipokuwa na fitina watu waliangamia.

III. Watu wa Furat na Dijla

Mito ya Iraki haina upole wa Nile. Hufurika wakati ambao shayiri imekaribia kuvunwa, kwa hivyo mkulima wa huko alihitaji mambo mawili pamoja: kuyazuia maji yasimwangamize, na kuyahifadhi yamfae baadaye. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na nyumba moja. Na huko ndiko, katika mji wa Uruk, kiasi cha miaka 3200 kabla ya Nabii Isa, yalikotokea maandishi katika yale ya kale kabisa tuyajuayo. Wengi hudhani ya kuwa watu walianza kuandika ili watunge mashairi, sivyo. Vibao vya udongo vya Uruk vimejaa hesabu za nafaka, kondoo na posho za wafanya kazi. Kalamu ilianzia ghalani.

Baadaye, kiasi cha miaka 1750 kabla ya Nabii Isa, Mfalme Hammurabi wa Babeli alichonga sheria zake juu ya jiwe, ambalo leo limo katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris. Miongoni mwa sheria hizo imo ya mtu aliyezembea kulitengeneza tuta la maji lililo katika shamba lake, likabomoka, maji yakaingia mashamba ya watu: huyo atalipa nafaka aliyoiharibu, na kama hana, atauzwa yeye na mali yake, na majirani wagawane thamani. Adhabu hiyo ni kali mno, nasi hatuisifu. Lakini ilimu iliyo ndani yake yafaa kuangaliwa: watu wale walikwisha kufahamu ya kwamba penye mto, uvivu wa mmoja ni msiba wa kijiji kizima.

Iko khabari nyingine ya Iraki ambayo haifai kufichwa. Maji ya mifereji huwa na chumvi kidogo. Jua likiyakausha, chumvi hubaki. Karne juu ya karne, ardhi nyingi ya kusini mwa Iraki iliharibika kwa chumvi. Katika karne ya 9 matajiri wa Basra walikusanya watumwa wengi sana wakawaweka katika nchi ile ya mabwawa, wawe wakikwangua tabaka la chumvi ili ardhi ipate kulimwa tena. Watumwa hao waliitwa Zanji, na hilo ndilo jina ambalo Waarabu walilitumia kuwaitia watu wa pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Waliishi katika mateso na chakula haba. Mwaka 869 wakaasi. Mwaka 871 wakauteka mji wa Basra na kuutenda vibaya. Wala vita havikuzimwa ila mwaka 883, baada ya kufa watu wengi mno.

Tumeieleza khabari hii ijapokuwa wenye kudhulumu walikuwa Waislamu wenzetu, kwa sababu mwanafunzi anayeonyeshwa kuba na minara tu, asionyeshwe migongo iliyobeba udongo wake, hakusoma tarikhi. Nchi ya mto hulimwa kwa kupatana au hulimwa kwa kulazimishana. Na iliyolimwa kwa kulazimishana deni lake hulipwa siku moja, tena hulipwa na wasiohusika.

IV. Watu wa Ma'rib

Yemeni haina mto wa daima. Lakini karibu na mji wa Ma'rib uko wadi ambao mvua za milimani huujaza kwa ghafula kisha ukakauka. Watu wa Saba walijenga ukuta wa kuyazuia maji hayo, wenye urefu wa kiasi cha mita 600, na milango ya mawe pande zote mbili ya kuyapeleka kwenye bustani za kulia na za kushoto. Kwa maarifa hayo walistawi zaidi ya miaka elfu katika nchi ambayo bila ya ukuta ni jangwa.

Ukuta huo ulivunjika mara nyingi, na kila ulipovunjika watu walikusanyika wakautengeneza. Liko jiwe lenye maandishi ya Abraha, yule yule tunayemjua katika kisa cha Tembo, linaloeleza namna alivyoutengeneza katikati ya karne ya 6, na namna maradhi yalivyoikatiza kazi. Haikupita miaka mingi ukavunjika tena, na mara hiyo hapakuwa na wa kuusimamisha. Qur'ani imetukumbusha mafuriko ya watu wa Saba na bustani zao zilivyogeuka. Nasi twapenda wanafunzi waangalie jambo hili: maji ya wadi ule hayakuacha kuja. Yaliyokwisha ni nguvu ya watu kukusanyika.

V. Kwetu, kwenye Kuja na ufuko wa ziwa

Basi sasa turudi kwa kijana wetu. Aliuliza mbona kwetu hakukujengwa Misri. Kabla ya kumjibu twapenda ajue kilichokuwako.

Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mamia ya vyombo vya mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Khabari yake ilitangazwa mwaka 2023, na wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwaka 2025 waliongeza ya kwamba mawe mengi katika hayo yaliletwa kutoka mahali palipo mbali zaidi ya kilomita 10. Jirani yake, Kanjera, viko vyombo vya kiasi cha miaka milioni 2. Hatusemi ya kuwa waliovitengeneza walikuwa watu mfano wetu. Wataalamu wenyewe hawasemi hivyo. Lakini atakayetaka kuona mahali pa kale kabisa ambapo kiumbe alichagua jiwe jema, akalichukua mbali, akalifanyia kazi karibu na maji, basi na aje Homa Bay.

Tuyaache hayo ya mbali, tushuke kwa watu hasa. Maporomoko ya Gogo, katika mto Kuja, wasomaji wa Migori wanayajua kwa ajili ya bwawa la umeme lililojengwa hapo katika miaka ya 1950. Hapo palichimbwa katika miaka ya 1980, na ikaonekana tabaka juu ya tabaka la maisha. La chini ni la watu ambao wataalamu huwaita wa Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha mto Kagera ambako vigae vya vyungu vyao vilijulikana. Watu hao walikuwa wavuvi na wawindaji, nao walifinyanga vyungu vyenye mapambo maelfu ya miaka kabla ya kuwako mkulima au mfugaji katika nchi hii. Wataalamu wanaona ya kwamba waliyafuata majira: wakati wa kiangazi walikaa ufukoni mwa ziwa wakila kome, na majalala ya makombe yao yangaliko, na wakati wa mvua walipanda kwenye maporomoko kuwangojea samaki wanaopanda mto kwenda kuzaa.

Juu ya tabaka lao imo mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji walioishi hapo kiasi cha miaka 2000 iliyopita, ambao hata hivyo hawakuacha kuvua wala kuwinda. Visu vyao vilikuwa vya jiwe jeusi mfano wa kioo, nalo lilitoka mlima Eburru, karibu na Naivasha, mwendo wa kiasi cha kilomita 200. Kisha vikaja vyungu vya Urewe, vya wakulima waliojua kufua chuma. Basi mahali pamoja penye mto palikaliwa na wavuvi, na wafugaji, na wahunzi, kila mmoja akiongeza juu ya aliyotangulia nayo mwenziwe.

Kisha tazameni Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yaliyojengwa kiasi cha karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa mita 1 hata 3. Wala hamna chokaa wala udongo wa kugandisha. Jiwe limeshikana na jiwe kwa ufundi wa mpangaji tu, la nje na la ndani, na vijiwe vidogo katikati. Milango ni mifupi na mifinyu, aingiaye huinama. Katika nchi hii ya kusini ya Nyanza maboma ya namna hiyo yako mamia. Walioyajenga mwanzo na waliokuja baadaye wakayakalia na kuyatengeneza hawakuwa wa kabila moja wala wa lugha moja, lakini kila mwenye kuja aliuheshimu ukuta aliouacha aliyetangulia, akaurekebisha ulipoanguka. Mwaka 2018 mahali hapo pametiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Sasa mbona maboma yale hayakukua yakawa Misri? Sababu tuzionazo ni tatu.

Ya kwanza ni mvua. Mto Kuja hutoka milima ya Kisii, ambako huitwa Gucha, na milima hiyo hupata mvua nyingi. Na hata bondeni mvua huja mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa huku hakuhitaji mfereji ili apate wimbi au mtama. Ya pili ni upana wa nchi. Mtu aliyegombana na nduguze, au aliyechoka na mkubwa mwenye kudhulumu, aliweza kuchukua watu wake na ng'ombe wake akavuka mlima akaanza upya. Mkulima wa Misri hakuwa na mlango huo. Nyuma yake palikuwa na mchanga. Ya tatu ni maradhi. Mabonde yetu ya maji, mfano wa bonde la Lambwe, yalikuwa na mbung'o anayeua ng'ombe na kuwatia watu malale, na homa ya malaria haikukosekana ufukoni. Kwa hivyo si ajabu kwamba wazee walipenda kujenga juu ya vilima, wakayashukia maji kwa kazi na kuondoka.

Basi tumwambie kijana wetu hivi: wazee wako hawakukosa akili, walikosa jangwa. Misri ilijenga dola kwa sababu watu wake walibanwa, na wazee wako hawakubanwa. Wao nao walipatana, lakini mapatano yao yalikuwa ya maboma na malisho, si ya mifereji na maghala. Na tena ajue jambo hili: maji ya Kuja huingia ziwani huko Nyatike, na ziwa humiminika Jinja, na kutoka Jinja huanza safari ya Nile Nyeupe. Ni kweli ya kwamba mafuriko yaliyoleta matope Misri yalikuwa ya Habasha. Katika maji yafikayo Aswan, kiasi cha sehemu 85 kwa 100 hutoka huko. Lakini miezi ya kiangazi, mito ya Habasha inapodhoofika, maji ya maziwa yetu ndiyo huuzuia mto usinyauke. Maji haya haya ayachotayo mama yake kwa ndoo, hayakukosa sehemu katika kuiweka Misri.

VI. Yatupasayo sisi leo

Ndugu zetu, somo hili lingekuwa la kujifurahisha tu kama sababu zile tatu zingekuwapo hata leo. Lakini hazipo. Nchi imejaa, hakuna tena mlima wa kuvuka na kuanza upya. Mashamba ya Kisii yamegawanywa hata yamekuwa vipande, na bondeni watu wamesongamana. Tumebanwa sasa kama walivyobanwa watu wa Furat, na swali lao limekuwa letu: je, tutapatana?

Tazameni samaki aitwaye ningu. Huyu ndiye katika wapandao mto wakati wa mvua kwenda kuzaa, na zamani mito yetu ilijaa naye. Katika karne ya 20 zilipoenea nyavu za kutegwa, watu waliziziba midomo ya mito wakati ule ule wa kuzaa, na kila mmoja akasema: nisipomvua mimi, atamvua mwenzangu. Katika miaka michache ningu alipungua sana, na hata leo hajarudi alivyokuwa. Wavuvi wa kale waliishi naye karne na karne. Sisi tulimmaliza katika umri wa mtu mmoja.

Tazameni na mafuriko. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likazifunika nyumba na mashamba ya ufukoni. Na mwaka 2024 Kuja ilivunja kingo huko Nyatike, watu wakahama na watoto wao. Mvua ni majaaliwa, lakini udongo unaoujaza mto hata usiwe na nafasi ya maji hutoka katika makonde yaliyolimwa mpaka ukingoni na vilima vilivyokatwa miti. Mtu wa juu huuita mto Gucha na mtu wa chini huuita Kuja, na kila mmoja hudhani ni mto mwingine. Na kwenye machimbo ya dhahabu, zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu humwagika ikaingia katika maji yale yale yanywewayo na wanyama na watu.

Wanachuoni wa fiqhi wamelieleza jambo la maji ya kushirikiana tangu zama za Mtume, Allah amrehemu na ampe amani, alipowahukumu watu wawili wa Madina waliogombania mfereji: wa juu ana haki ya kunywesha shamba lake kwa kiasi, kisha amwachie wa chini. Hukumu hiyo haikumpa wa juu ruhusa ya kuyachafua wala ya kuyazuia. Na serikali nayo, katika sheria ya maji ya mwaka 2016, imeruhusu watumiaji wa mto mmoja kufanya chama chao, wakae pamoja wa juu na wa chini, wautunze mto na wasikilizane magomvi. Ni wangapi katika sisi waliojiunga? Twaenda mazikoni pamoja, twaenda harusini pamoja. Mbona kwenye mto kila mtu huenda peke yake?

Sisi katika darasa letu tumeazimia kuanza na jambo dogo. Vijana watasimamisha nguzo yenye alama kando ya mto, mfano mdogo wa ile ya Rawda, na kila wiki wataandika katika daftari maji yamefika wapi. Yule kijana aliyeuliza swali ndiye tuliyempa daftari. Baada ya miaka mitano kitakuwako kitu cha kumwonyesha mtu wa Kisii na mtu wa Nyatike wakikaa pamoja, wala haitakuwa maneno matupu. Uruk ilianza na hesabu ya kondoo. Hatuoni haya kuanza na hesabu ya maji.

Maswali ya kusomea

1. Kwa nini mito ipitayo jangwani ilikusanya watu zaidi kuliko mito ipitayo nchi yenye mvua?
2. Linganisha njaa ya zama za Nabii Yusuf na shida ya zama za al-Mustansir. Tofauti yake ilikuwa katika mto au katika watu?
3. Ni nini tunachojifunza kwa vita vya Zanji juu ya kazi ya kulazimishwa?
4. Ukuta wa Ma'rib na kuta za Thimlich Ohinga: ni nini kilichozihifadhi, na ni nini kilichouangusha ule wa Ma'rib?
5. Mwulize mzee wa mtaani kwako: zamani mlikuwa na desturi gani juu ya kuvua, kuchota maji na kulima kando ya mto? Andika majibu yake, uje nayo darasani.

Wallahu aalam, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.